Maneno Matatu Yaliyokosekana: Uchambuzi wa Kisa cha Cheo cha Earl wa Devon

Kuhusu majina

Mambo yanayosimuliwa hapa yamo katika kumbukumbu za wazi za Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, na wote waliohusika walikwisha kufariki zamani. Hata hivyo, wale wawili walioendesha dai la mwaka 1831 nimewaondolea majina, mmoja nikimwita Mdai na mwingine Binamu. Nimefanya hivyo kwa sababu sehemu ya kisa inagusa maisha ya faragha, na pia kwa ajili ya urahisi tu: wote wawili waliitwa jina moja, jina ambalo ukoo wao umelirudia karibu kila kizazi tangu karne ya 15, na msomaji angepotea kabla ya kufika katikati. Wafalme, malkia na Ma-Earl wa kale wamebaki na majina yao.

Usuli: cheo hurithiwa kwa sentensi moja

Katika ngazi za makabaila wa Uingereza, Earl ni wa daraja la tatu, chini ya Duke na Marquess, juu ya Viscount na Baron. Baronet yuko chini ya hao wote; cheo chake hurithiwa, lakini hakimpi kiti katika Baraza la Malodi. Vyeo vingi vya namna hii vilitolewa kwa hati ya kifalme, na ndani ya hati kuna sentensi moja inayotawala mirathi ya cheo hicho kwa karne zote zitakazofuata. Kwa kawaida sentensi hiyo ilisema kwamba cheo kinatolewa kwa fulani „na warithi wake wa kiume wa mwili wake“, kwa Kilatini heredibus masculis de corpore suo. Maana yake ni wana aliowazaa mwenyewe, na wana wa wana hao, waliotoka viunoni mwake kama Biblia ya Kiswahili isemavyo. Uzao huo ukikatika, cheo kinakufa, hata kama marehemu ameacha ndugu kumi wa baba mmoja.

Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu atalishika jambo hili upesi kwa kulinganisha. Huko, mtu akifa bila mwana, urithi wa asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, hupanda juu kwa baba na babu, kisha ukashuka kwa ndugu, kwa ami na kwa wana wa ami. Katika cheo cha Kiingereza cha kawaida hakuna kupanda kumvuka yule wa kwanza aliyepewa hati. Yeye ndiye shina, na asiyetokana naye hana lake, hata awe wa damu moja.

Ukoo wa kisa hiki ni wa Courtenay. Ulitoka Ufaransa katika karne ya 12, ukajikita kusini-magharibi mwa Uingereza, na mwaka 1335 Hugh Courtenay alitambuliwa kuwa Earl wa Devon. Baada ya hapo historia yao ni ya kupanda na kukatwa kichwa. Earl Thomas alikatwa kichwa mjini York mwaka 1461 baada ya upande wake kushindwa vitani. Ndugu yake John aliuawa katika vita vya Tewkesbury mwaka 1471, na tawi la mbele likaisha naye. Mwaka 1485 Henry VII alimpa cheo Edward Courtenay wa tawi jingine. Mwana wa Edward huyu alimwoa Katherine, binti wa mfalme Edward IV, ndoa ambayo ilionekana kuwa bahati na ikawa balaa, kwa kuwa tangu hapo kila mtoto wa ukoo alikuwa na damu ya kifalme ya kumtia mfalme wasiwasi. Mjukuu, Henry, aliyepandishwa na Henry VIII kuwa Marquess wa Exeter, alikamatwa kwa uhaini mwaka 1538 na kukatwa kichwa. Hukumu ya uhaini ya zama hizo haikuishia kwa mtu. Ilifuta vyeo vyake na kufunga njia ya mirathi kwa wanawe.

Mwanawe, aliyeitwa tena Edward, alifungwa katika Mnara wa London akiwa mtoto wa miaka kama 12, na akakaa humo karibu miaka 15. Alitolewa na Malkia Mary mara baada ya Mary kushika kiti mwaka 1553, na tarehe 3 Septemba mwaka huohuo akafanywa Earl wa Devon kwa hati mpya, kwani vyeo vya baba yake vilikuwa vimefutwa na visingeweza kumfuata vyenyewe. Kwa muda alitajwa kuwa mume anayefaa kwa Malkia mwenyewe, kisha kwa mdogo wake Elizabeth. Akahusishwa na uasi wa Wyatt dhidi ya Malkia wa mwaka 1554, akafungwa tena, akapelekwa uhamishoni, na Septemba 1556 akafia Padua, Italia, bila mke wala mtoto.

Hati yake ya 1553 ndiyo kiini cha yote. Ilisema kwamba cheo kinatolewa kwa Edward huyo na „warithi wake wa kiume“ milele, heredibus suis masculis imperpetuum. Hapo sentensi ikaishia. De corpore suo, maneno matatu, hayakuwamo.

Kimya cha miaka 275

Edward alipofariki, ardhi zake ziligawanywa kwa wazao wa wanawake wanne, dada za baba wa babu yake. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ardhi ilifuata sheria ya ardhi, na wanawake walirithi pale ambapo wanaume wa karibu hawakuwapo. Cheo kilihesabiwa kuwa kimekufa.

Kulikuwa na wanaume wa Courtenay hai. Katika ngome ya Powderham, karibu na mto Exe, liliishi tawi lililotokana na Sir Philip Courtenay, mtoto wa Hugh wa pili (mwana wa Hugh wa 1335), Earl aliyefariki mwaka 1377. Edward naye alitokana na Hugh huyohuyo kupitia mtoto mwingine. Kutoka kwa Edward kupanda hadi kwa babu huyo wa pamoja ni vizazi saba, kisha unashuka upande wa pili idadi inayokaribia hiyo. Kwa hesabu ya kawaida ya watu, huyo ni ndugu wa jina tu. Kwa maana ya neno „mrithi wa kiume“ lisilo na nyongeza, huyo ndiye mrithi.

Hakuna mtu wa Powderham aliyedai. Mwaka 1603 James I alimfanya Charles Blount kuwa Earl wa Devonshire, na Blount alipofariki mwaka 1606 bila mrithi halali, jina hilohilo likatolewa mwaka 1618 kwa William Cavendish, ambaye wazao wake baadaye wakawa Ma-Duke wa Devonshire. Devon na Devonshire ni wilaya moja, na katika maandishi ya kale majina hayo mawili yalitumika kwa kubadilishana. Mkuu wa tawi la Powderham alikuwa hai miaka yote miwili, na alinyamaza. Badala ya kudai, watu wa Powderham walianza kupanda ngazi kwa upya: mwaka 1644 wakapata ubaronet, na Mei 1762 wakapata cheo cha Viscount Courtenay. Viscount wa kwanza alikaa nacho siku kumi tu kabla ya kufariki.

Kauli mbiu ya ukoo, iliyoandikwa chini ya ngao yao, ni Ubi lapsus? Quid feci?, yaani „Nimeanguka wapi? Nimefanya nini?“ Waliuliza swali hilo kwa karne nyingi chini ya ngao yao, huku jibu likiwa limelala katika kumbukumbu za serikali.

Watu wa 1831 na walichohitaji

Kufikia mwaka 1830, Viscount wa tatu, yaani Mdai, alikuwa mzee wa miaka 62 anayeishi Paris. Alikuwa mtoto wa kiume pekee kati ya watoto 14. Alipokuwa kijana alitajwa katika kashfa iliyohusu urafiki wake na tajiri mmoja mwandishi, na karibu mwaka 1811 aliondoka Uingereza moja kwa moja kukwepa kushtakiwa kwa kosa la mahusiano ya jinsia moja, ambalo wakati huo lilibeba adhabu ya kifo. Aliishi kwanza New York, kisha Ufaransa. Hakuoa. Hangeweza kurudi nchini mwake, na kiti chake katika Baraza la Malodi hakikuwa na faida kwake.

Binamu alikuwa na miaka 53. Babu wa Mdai na babu wa Binamu walikuwa ndugu, watoto wa baba mmoja. Binamu alikuwa mwana wa askofu, aliwahi kuwa mbunge wa Exeter, na tangu mwaka 1826 alikuwa karani msaidizi wa Bunge katika Baraza la Malodi: mtu anayeketi mezani mbele ya malodi, anayeandika kumbukumbu, anayejua ni hati gani hupelekwa wapi na kwa utaratibu gani.

Hapa inafaa kusimama na kufanya hesabu ambayo Binamu bila shaka aliifanya. Mdai atafariki bila mtoto. Uviscount wa 1762 umefungwa kwa wazao wa Viscount wa kwanza. Binamu anatokana na ndugu ya Viscount huyo, kwa hiyo cheo hicho hakimfikii, kitakufa. Ubaronet wa 1644 utamfikia, kwa kuwa baronet wa kwanza ni babu wa wote, lakini baronet hana kiti. Kwa hiyo ngome ya Powderham ingebaki na bwana asiye lodi, baada ya karibu miaka 70 ya kuwa na bwana aliye lodi. Cheo cha Earl cha 1553, kama kiko hai, kinaruka vizuizi vyote viwili: kitampata Mdai leo kama mkuu wa tawi, na kesho kitamwendea Binamu.

Wasomaji wa Kenya wanao mfano wa karibu wa jinsi kifo kimoja kinavyoweza kutawanya vyeo. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alipouawa nje ya Nairobi Januari 1941 na kukutwa ndani ya gari lake, cheo cha Erroll, ambacho ni cha Uskoti na kinaweza kurithiwa na mwanamke, kilimwendea binti yake wa pekee, na cheo chake kingine cha Baron Kilmarnock, kilichofungwa kwa wanaume, kikamwendea mdogo wake. Ni jeneza moja, lakini kila hati ilifuata maneno yake.

Mfuatano wa dai

Wakati huo dai la cheo kilicholala halikufunguliwa mahakamani kama kesi ya shamba. Mwombaji alipeleka ombi kwa mfalme, kwa kuwa heshima zote zilitoka kwake. Mfalme alilipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na jambo likiwa zito lilipelekwa katika Baraza la Malodi, ambako Kamati ya Haki na Madaraka ilisikiliza ushahidi na hoja, kisha ikamshauri mfalme. Hapakuwa na mdaiwa. Iliyosimama upande wa pili ni Serikali, ikilinda haki ya mfalme ya kutogeuziwa maana ya alichotoa.

Ombi liliwekwa kwa jina la Mdai. Hangeweza kuwekwa mwingine, kwani yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa tawi na Binamu hakuwa na haki yoyote maadamu Mdai anapumua. Lakini aliyelisukuma alikuwa Binamu, na Mdai hakuhitajika kuonekana London hata siku moja.

Mzigo wa ushahidi ulikuwa wa aina mbili. Kwanza ilibidi kuonyesha nasaba: kwamba Mdai anatokana kwa mstari wa baba pekee na Hugh aliyefariki 1377, na kwamba matawi yote yaliyotangulia lake kwa ukubwa yamekwisha. Hii ni kazi ya subira, lakini kwa ukoo ulioacha makaburi ya mawe, wasia na kumbukumbu za ardhi kwa karne nne na nusu, inawezekana. Pili ilibidi kuishawishi kamati kuhusu maana ya neno, na hapo ndipo pambano lenyewe lilipokuwa.

Hoja ya upinzani ilikuwa ya kawaida na yenye nguvu. Kuacha maneno „wa mwili wake“ ni kosa la mwandishi, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa Malkia Mary alikusudia kumpa cheo mtu aliye mbali kwa vizazi saba. Tena sheria ya ardhi ilikuwa imekwisha kulijibu swali linalofanana nalo: tangu zama za mwanasheria Littleton katika karne ya 15 ilifahamika kwamba mtu akipewa ardhi „yeye na warithi wake wa kiume“, bila maneno ya mwili, sheria haikitambui kifungu hicho cha kiume, na ardhi humwendea mrithi yeyote, hata mwanamke. Sheria ya Uingereza haikujua urithi wa kiume wa pembeni, ilisema hoja hiyo.

Hoja ya Mdai ilijengwa juu ya karatasi yenyewe. Cheo si shamba. Mfalme anaweza kukifunga cheo kwa namna ambayo ardhi haiwezi kufungwa, na kama maneno yana maana iliyo wazi, hakuna ruhusa ya kuyaongezea mengine yanayoyapunguza. Waandishi wa hati walijua vizuri kuandika de corpore suo walipotaka. Yalikuwa maneno ya kila siku ya kazi yao. Na hali ya 1553 ilitoa sababu: Mary alikuwa akiurudishia heshima ukoo uliovunjwa na baba yake, Henry VIII, na mtu aliyempa cheo alikuwa mfungwa wa jana, hana mke, hana ndugu wa kiume. Kifungu kipana kilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba ukoo unapata, si mtu mmoja tu.

Machi 1831 kamati ilikubali. Lord Brougham, aliyekuwa Lord Chancellor, yaani mkuu wa sheria wa ufalme na mwenyekiti wa Baraza la Malodi, alisimama upande wa maneno ya hati. Ilikuwa wiki zilezile ambazo London nzima ilikuwa ikizungumzia muswada wa kurekebisha uchaguzi wa wabunge, na Brougham mwenyewe alikuwa ndani ya vurumai hiyo. Cheo kilichozikwa kwa miaka 275 kilifufuliwa kando ya kelele hizo bila watu wengi kugeuza shingo.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kudai cheo cha zamani badala ya kuomba kipya. Kwa mtazamo wangu huu ndio uliobeba kisa chote. Cheo kipya ni hisani, na hisani huangalia uso wa anayeomba. Hakuna waziri ambaye angempelekea mfalme jina la mtu aliyekimbia mashtaka ya aibu. Dai la cheo cha zamani huuliza swali moja tu, nani mrithi, na tabia ya mrithi haimo katika swali hilo. Sifa mbaya ya Mdai, ambayo ingeua ombi la aina ya kwanza siku ya kwanza, haikuwa na pa kuingilia.

Uamuzi wa pili ulikuwa kudai mapema, Mdai akiwa hai, badala ya kusubiri Binamu awe mkuu wa tawi. Faida yake ilikuwa kwamba Binamu alibaki katika kiti chake cha karani, karibu na jambo, huku jina lililo mbele likiwa la mtu mwingine. Hakuna kitu hapa kilichovunja sheria, na kumbukumbu hazionyeshi kwamba alitumia mlango wa nyuma. Hata hivyo, mtu anayefanya kazi ndani ya chombo kinachoamua urithi wake mwenyewe angetakiwa leo kusimama kando na kutangaza maslahi yake, na ni vyema msomaji alitazame jambo hilo kwa macho mawili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutogusa mali. Ardhi za Edward zilikuwa zimepita mikono mingi tangu 1556, na dai halikuomba hata kipande kimoja. Vilevile halikumgusa Duke wa Devonshire, ambaye cheo chake kilisimama juu ya hati yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hakutokea mtu wa tatu mwenye fedha na wakili wa kupinga. Kesi za vyeo zilizozaa chuki za miongo mingi ni zile ambazo nyuma ya cheo kulikuwa na shamba.

Matokeo

Mdai akawa Earl wa Devon. Hakurudi. Alifariki Paris Mei 1835, na siku hiyo vyeo vyake vikatengana kama ilivyotarajiwa: uviscount ukafa, uearl na ubaronet vikamwendea Binamu. Mwaka huohuo Binamu aliacha ukarani. Aliyekuwa akiketi mezani na kalamu sasa aliketi kwenye viti miongoni mwa waliokuwa mabwana zake. Baadaye aliongoza tume ya serikali ya kuchunguza ukodishaji wa ardhi nchini Ireland, iliyotoa ripoti yake mwaka 1845, mwaka ambao ugonjwa wa viazi ulianza na njaa kuu ikafuata. Tume hiyo hadi leo huitwa kwa cheo chake, Tume ya Devon.

Powderham kwenyewe, Binamu alimwajiri msanifu Charles Fowler abadilishe mbele ya ngome na ajenge ukumbi mkubwa wa kulia chakula. Mgeni anayeingia humo anaona kuta zimefunikwa kwa mbao, na juu ya mbao hizo ngao zilizopakwa rangi zikionyesha ndoa za ukoo kizazi baada ya kizazi, hadi kwenye meko kubwa ya mawe iliyonakiliwa kutoka ile aliyoijenga askofu wa Courtenay mjini Exeter katika karne ya 15. Nasaba iliyowekwa mezani mbele ya kamati kama ushahidi iligeuzwa kuwa ukuta, ili mgeni aisome huku akisubiri supu.

Kilichofanya kazi, na kisichofanya

Kusoma hati yenyewe kulifanya kazi, na inashangaza jinsi jambo hilo rahisi lilivyochukua muda. Watu wa Powderham hawakushindwa 1557 au 1603 au 1618, hawakujaribu. Walipokea neno „kimekufa“ kutoka kwa waliowazunguka, kila kizazi kikakipa kizazi kilichofuata, na hakuna aliyerudi kwenye sentensi. Lawama kwao ina kikomo, kwa kuwa katika enzi ya Elizabeth mtu mwenye akili hakujitangaza mrithi wa ukoo uliokuwa umetajwa katika mambo ya kiti cha enzi. Vichwa vilikuwa vimekwisha kukatwa kwa madogo kuliko hayo. Lakini hofu hiyo ilikuwa imekwisha kufikia 1700, na uvivu wa kusoma ukachukua nafasi yake.

Hoja ya kisheria ilifanya kazi mara moja tu, na hapo ndipo udhaifu wa ushindi wa 1831 unapoonekana. Mlango ukiwa umefunguliwa, wengine walianza kutafuta hati zisizo na maneno matatu. Mwenye ardhi mmoja wa Yorkshire, wa ukoo wa Scrope, alidai cheo cha Earl wa Wiltes, ambacho Richard II alikitoa mwaka 1397 kwa William le Scrope na „warithi wake wa kiume“ milele. William alikatwa kichwa Bristol miaka miwili baadaye, hana mtoto. Huyu wa Yorkshire alitokana na ndugu ya William. Maneno ya hati yalikuwa karibu yaleyale, na kama kamati ya 1831 ilikuwa sahihi, sehemu hiyo ya dai ilikuwa imekwisha kuthibitishwa.

Mwaka 1869 kamati ililikataa dai. Ilisema kwamba urithi wa kiume wa pembeni haujulikani katika sheria ya Uingereza kwa cheo kama usivyojulikana kwa ardhi, na kwamba kamati ya namna hii haifungwi na ile iliyotangulia. Kwa maneno mengine, malodi wa 1869 waliona wenzao wa 1831 walikosea, lakini hawakuweza kuwanyang'anya Courtenay walichokwisha kupewa.

Naona kamati ya pili ilisoma sheria vizuri zaidi. Brougham alitegemea mno wazo la kwamba cheo ni kitu cha pekee kisichofuata mantiki ya ardhi, ilhali katika Uingereza ya kale cheo cha Earl na ardhi ya wilaya vilitembea pamoja, na waandishi wa hati walitumia msamiati mmoja kwa vyote viwili. Kwa upande mwingine kamati ya 1869 ilikuwa na anasa ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo: ilikwisha kuona foleni ya wadai inayoweza kutokea mlangoni. Brougham hakuwa na foleni. Alikuwa na mzee mmoja wa Paris na nasaba safi.

Jambo moja linalopuuzwa katika masimulizi mengi ni bahati ya ushahidi. Dai la Devon lilifaulu pia kwa kuwa matawi makubwa ya Courtenay yalikuwa yamekwisha kwa namna zinazothibitika, kwenye jukwaa la mnyongaji na katika uwanja wa vita, mbele ya mashahidi na tarehe zilizoandikwa. Ukoo uliofifia kimyakimya, na wana wadogo waliokwenda ng'ambo bila habari, ungeacha mashimo ambayo Mwanasheria Mkuu angeyapanua. Mikasa iliyowamaliza wakubwa wa ukoo ndiyo iliyowasafishia njia wadogo, karne tatu hivi baadaye.

Kuhusu Mdai mwenyewe, kisa hakikumtendea lolote. Alipata cheo asichoweza kukivaa nchini mwake, kwa faida ya jamaa ambaye angekirithi. Hakuna dalili kwamba alilazimishwa, wala kwamba alifurahi.

Limebaki suala la kuhesabu. Mdai hakuandikwa kuwa Earl wa pili baada ya Edward, bali wa tisa, kwa sababu kamati iliposema cheo hakikufa, ilisema pia kwamba kilikuwa kikirithiwa muda wote huo bila wenyewe kujua. Kwa hiyo wanaume saba wa Powderham walifanywa Ma-Earl wakiwa kaburini: yule aliyefariki 1557, yule aliyewatazama Blount na Cavendish wakipewa jina la wilaya yake, na Viscount wa siku kumi pia. Mwenye cheo wa sasa, anayeishi Powderham, huhesabiwa kuwa wa 19, na saba hao wamo ndani ya hesabu.